Chaji ya Kwenda Tu

Jumanne, 11 Machi

Iqbal fundi ndiye aliyenianzisha kuandika. Kila siku niandike gari limeamka na chaji kiasi gani, nimechaji wapi, nimekwenda kilomita ngapi. Anasema wenye magari ya umeme wanamdanganya fundi, na kabla ya kumdanganya fundi wanakuwa wameshajidanganya wenyewe. Nimenunua daftari hili Kijenge, lina picha ya twiga juu.

Gari ni dogo, la Kijapani, lina miaka kumi na mbili. Nimekuwa nalo miezi kumi na nne, nabeba abiria. Leo Iqbal amechomeka kifaa chake, akasoma kwenye simu: betri imebaki na asilimia sitini na tisa ya uwezo wake wa kiwandani. Siku naletewa ilikuwa themanini na moja. Kwenye dashibodi kuna vijiti kumi na viwili vya afya ya betri. Vyangu vimebaki tisa.

Akaniuliza nachaji wapi. Nikamwambia kwenye kile kituo cha chaji ya haraka, barabara ya Moshi, mara mbili kwa siku, siku nyingine tatu. Hakunigombeza. Alisema chaji ya haraka yenyewe si sumu. Magari mapya yana kipoza betri, yanavumilia. Langu halina. Umeme ukisukumwa kwa nguvu betri inachemka, na kabla haijapoa mimi nimeshaliingiza barabarani, nikirudi nalisukumia tena. Joto ndilo linaloila. Mtu akifanya hivyo safari moja moja haina neno. Akifanya kila siku, kila siku inakatika kidogo, na kinachokatika hakirudi. Dawa yake ni kuchaji polepole nyumbani, nisivuke themanini, nisishuke chini ya ishirini.

Nyumbani siwezi. Soketi ya barazani iliyeyuka mwezi wa kwanza nikiwa nachaji, na mzee Jamaldini, mwenye nyumba, alikuja na kanzu yake ya Ijumaa kuniambia kwa upole kwamba wapangaji ni wanne, waya ni mmoja, na asiione tena ile kamba ya umeme.

Leo pia nimeanza kumbeba mama mkwe.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike vizuri habari ya mama mkwe, maana ndiye aliyebadilisha hesabu ya kilomita.

Anaitwa Elinipa, lakini kwetu ni Mama Elihuruma. Ana miaka sabini na nne, anakaa Akheri na mwanawe mkubwa, Elihuruma, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, alichoacha marehemu baba mkwe. Figo zake zimekufa. Tangu Januari anasafishwa damu hospitali hapa mjini, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, zamu ya saa saba mchana, kwa muda wa saa nne kitandani. Gari la kanisa la usharika wao lilikuwa linamleta, sasa limepangiwa kazi nyingine. Elihuruma ana pikipiki, na mama hawezi tena kukaa kwenye pikipiki. Mke wangu Joyce alinitazama tu wakati wa futari, hakuomba.

Kijenge hadi Akheri kilomita kumi na saba. Akheri hadi hospitali kumi na nane. Kisha kumrudisha, kisha mimi kurudi. Sabini, kabla sijabeba abiria hata mmoja.

Mama huyu hakuja kwenye ndoa yetu. Miaka kumi na mmoja sasa. Mimi Mwislamu wa Kijenge, wao Walutheri tangu babu. Nilishazoea kwamba kwa mama yake Joyce nipo kama sipo. Leo alikaa kiti cha nyuma kabisa, upande ambao kioo hakimwonyeshi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Kufika hospitali akasema, "Asante, dereva."

Jumamosi, 15 Machi

Kilomita 104. Chaji ya haraka mara mbili. Mvua bado.

Jumanne, 18 Machi

Swaumu ya kumi na nane. Jua kali, foleni ya magari pale Tengeru, na mimi koo limekauka. Nikasikia nyuma, "Na wewe una kiu?"

Nikamwambia ndiyo, mama, nimefunga.

Akasema yeye amepimiwa nusu lita kwa siku, na hapo ni pamoja na chai na mchuzi. Asubuhi anajiambia ataitunza hadi jioni, saa tatu imekwisha. "Wewe ukifika magharibi unakunywa," akasema. Hakusema kwa wivu. Alikuwa anaeleza tu.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimwomba Elihuruma kitu. Siku zisizo za hospitali niwe naliacha gari kwao Akheri, lichajiwe polepole usiku kucha kwenye soketi ya jikoni, mimi niteremke kwa haisi na kulifuata asubuhi. Nikamweleza habari ya joto kama alivyonieleza Iqbal. Mita yao ya umeme nitaijaza mimi.

Alinisikiliza akiwa ameshika panga la kukatia majani ya ng'ombe. Akasema nyaya za nyumba ile ziliwekwa na baba yake mwenyewe mwaka tisini na mbili, na nyumba ya baba yake haitaungua kwa ajili ya gari la shemeji.

Niliporudi garini nilikuwa na hasira. Mtu anakataa waya wa kumpeleka mama yake mwenyewe hospitali. Nimeandika hapa ili nisiyaseme kwa Joyce.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza. Mlima Meru haujaonekana siku tatu. Wipa, taa, na feni ya kukausha kioo vyote vinakula chaji.

Jumanne, 1 Aprili

Jana ilikuwa Idi. Leo mama amepanda gari na mayai kumi na mawili kwenye kitenge, ya Salha, binti yetu. Salha ana miaka tisa na hajawahi kula kitu kutoka kwa bibi huyu. Joyce aliyapokea, akayaweka mezani, akakaa anayatazama muda mrefu kabla ya kuyapanga kwenye bakuli.

Jumamosi, 5 Aprili

Kilomita 111. Haraka mara tatu. Kituoni kulikuwa na foleni, nikachomoa kwenye sabini na nne. Chini ya sakafu palikuwa na joto, ukiweka kiganja unalisikia.

Jumanne, 8 Aprili

Kijiti kimoja kimezimika. Vimebaki vinane.

Kilizimika kwenye kilima cha kuingia Akheri, kwenye utelezi. Kisha ikawaka taa ya njano yenye picha ya kobe, na gari likapunguza lenyewe, likawa linatambaa. Kina mama waliobeba mikungu ya ndizi walitupita kwa miguu, mmoja akatuaga.

Mama akauliza ile picha ni ya nini. Nikamwambia ni kobe, gari linasema halina nguvu. Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Anacheka kama Joyce, kwa puani kwanza. Akasema wao wawili wataelewana.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo wakati wa kurudi mvua ilikuwa kubwa, tukaegesha kwenye kituo cha mafuta Tengeru kungoja ipungue. Mimi nilikuwa naitazama asilimia. Mama akaanza kusema bila kuulizwa.

"Baba Salha," akasema. Ni mara ya kwanza kuniita hivyo. "Unadhani sikuja kwenye ndoa yenu kwa sababu ya dini."

Nikasema sijawahi kudhani chochote, mama. Alijua naongopa.

Akasema gauni alikuwa ameshashona. Asubuhi ile Elihuruma alisimama mlangoni, akamwambia ukienda, mimi sitaingia tena katika nyumba hii. Marehemu baba yao alikuwa na miezi mitano kaburini. Shamba lilikuwa mikononi mwa Elihuruma, ng'ombe, kahawa, yeye mwenyewe.

"Nilimchagua mtoto niliyekuwa naishi naye," akasema. "Joyce alikuwa na wewe."

Mvua ilipopungua nikaondoa gari, na kwenye mtelemko nikamwonyesha jinsi gari linavyorudisha chaji kidogo likishuka, kwa kuwa nilitaka kumpa kitu na sikuwa na kingine.

Jumamosi, 12 Aprili

Abiria alitaka Maji ya Chai. Mwezi wa pili nilikuwa naenda huko na kurudi bila kufikiri. Leo nimemkataa.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo niandike yote, hata kama mkono utauma.

Umeme ulikatika tangu alfajiri, mji mzima hadi Usa River. Saa mbili nilikuwa kituoni. Lomayani, mlinzi wa pale, alikuwa amejifunika shuka lake jekundu juu ya koti, akaniambia jenereta inawasha taa za duka tu, mashine za kuchaji haziwezi. Nikangoja hadi saa nne. Dashibodi ilisema asilimia arobaini na sita. Nikapiga hesabu: kwa arobaini na sita nafika Akheri, nashuka naye hadi hospitali, na kufikia jioni umeme utakuwa umerudi. Mwezi uliopita hesabu hiyo ingekuwa sahihi.

Hadi Tengeru ilikuwa thelathini na moja. Nikaingia kushoto, nikaanza kupanda. Barabara ilikuwa imekwisha kabisa, maji mekundu yanashuka katikati. Thelathini na moja ikawa ishirini na nne, halafu, bila kupita katikati, kumi na moja. Sijawahi kuona hivyo. Kobe akawaka. Mita mia mbili mbele gari likasimama, likakataa. Kutoka pale hadi kwa mama ni kilomita mbili za kupanda.

Nikampigia Elihuruma. Saa tano na nusu. Nikamwambia gari limenifia, lete mama kwa namna yoyote hadi barabarani nitafute gari jingine. Nilitegemea matusi. Alisema tu, "Nakuja."

Pikipiki haikuweza kushuka kwenye utelezi ule na mama juu yake. Akambeba. Nilikuwa nimepanda kwa miguu kuwapokea, nikawakuta kwenye kona ya kanisa: Elihuruma miguu mitupu, suruali imekunjwa hadi magotini, mama mgongoni amefungwa kwa kitenge kama mtoto, kichwa chake kimelala begani mwa mwanawe. Miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimwingii, ameshika ndala mkononi. Mwanamke wa miaka sabini na nne. Alinitazama, kisha akafumba macho, na nilielewa kwamba hataki nimwone hivyo. Kwa mkwe, kumwona mama katika hali ile si jambo dogo.

Nikasema nipokezane naye. Elihuruma akatikisa kichwa. Basi kazi yangu ikawa mwavuli. Nilitembea nyuma yao nikiuinua juu ya kichwa cha mama, na kwa kuwa Elihuruma ni mrefu na njia inateleza, mwavuli ukawa unamwagia maji shingoni. Kilomita mbili na nusu, hadi lami. Hata mara moja hakumteremsha. Tulipolipita gari langu, limeinama pembeni ya mtaro, hakuligeukia.

Nilipata Noah ya kukodi karibu saa saba. Tulifika saa nane kasoro. Sista alisema zamu haisubiri, mgonjwa wa jioni amepangiwa mashine ileile, atamsafisha saa mbili tu badala ya nne. Nikaanza kueleza habari ya umeme, ya betri, ya mvua. Akanisikiliza kwa heshima. Hakuna alichoweza kufanya na hakuna nilichoweza kufanya.

Elihuruma alikaa kwenye benchi la nje, tope limekaukia miguuni. Nikamnunulia chai. Akainywa. Baadaye akasema, akitazama sakafu, "Ile siku ya waya. Niliogopa nyumba kuungua. Sikuwa na neno jingine."

Nikamwambia najua. Sikuwa najua. Sasa najua.

Jumamosi, 19 Aprili

Gari lilivutwa jana hadi kwa Iqbal. Amesoma: asilimia sitini na moja. Lakini tatizo si hiyo namba, ni seli mbili zilizochoka kuliko wenzake. Zikiwa na mzigo kwenye kilima zinaanguka ghafla, na gari linasikiliza zilizo dhaifu. Nikamuuliza kama ni chaji ya haraka. Akasema ni chaji ya haraka, ni umri, ni joto la Japani na la kwetu, ni kuishusha hadi mwisho kila siku. "Lakini ungeichaji taratibu ungepata miaka mitatu mingine," akasema, kwa kuwa Iqbal hajui kuongopa.

Betri nyingine hapa haipo. Ya kuagiza nje si ya mfuko wangu, na inaweza kuja nayo imezeeka.

Ameniambia nisitoke nalo mjini.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Joyce ameamua. Kutoka Kijenge hadi hospitali ni kilomita nne. Hizo gari linaziweza. Mama atahamia kwetu. Elihuruma alimleta kwa gari la jirani yake, na begi moja, na kitabu cha nyimbo, na godoro lake mwenyewe kwa kuwa analijua. Kabla ya kuondoka alizunguka vyumba vyetu viwili, akajaribu komeo la dirisha, akalikaza kwa bisibisi aliyoitoa mfukoni.

Alhamisi, 24 Aprili

Adhana ya alfajiri inamwamsha. Anasema si neno, shambani alikuwa anaamka saa hiyohiyo kukamua. Mimi nikiwa naswali chumbani namsikia upande wa pili wa pazia akiimba wimbo wake kwa sauti ya chini, anangoja nimalize rakaa, halafu anaendelea.

Jumanne, 29 Aprili

Kilomita 38. Haraka mara moja.

Jumamosi, 3 Mei

Anapima maji yake kwa kikombe cha shule cha Salha. Leo Salha alimwongezea kwa siri, akidhani anamsaidia. Bibi akayarudisha kwenye jagi, akamkumbatia.

Alhamisi, 8 Mei

Najitahidi kufuata masharti ya Iqbal. Nachomoa kwenye themanini. Nangoja betri ipoe kabla ya kuichomeka. Lakini nikingoja, abiria wanaenda kwa wengine. Nikiwafuata abiria, sina pa kuchaji ila palepale, kwa nguvu ileile. Lomayani aliniruhusu nichomeke kwenye soketi ya kibanda chake, polepole, nikiwa nimelala garini mchana. Siku ya nne bosi wake akaona kamba. Lomayani ananionea haya sasa kana kwamba kosa ni lake.

Alhamisi, 15 Mei

Mama alishikwa na mkazo wa misuli akiwa kwenye mashine, na presha ikashuka. Sista alinifuata nje, akasema moyo wake umeanza kuchoka, na mishipa ya mkono inasumbua. Akasema daktari amezungumza na mama mwenyewe, na mama amemsikiliza vizuri. Aliniambia hivyo mara mbili, "amesikiliza vizuri."

Jioni mama alimuuliza Joyce kama mahindi ya Akheri yamepaliliwa. Joyce akasema Elihuruma yupo. "Najua yupo," akasema mama. "Nauliza mahindi."

Jumanne, 20 Mei

Kijiti kingine. Saba. Mvua imebaki manyunyu. Asubuhi mlima ulifunguka dakika chache, mama akaomba kiti kitolewe barazani. Kutoka kwetu unauona mgongo wa mlima, siyo upande wao. Alitazama hadi ukafunga.

Jumamosi, 24 Mei

Alimaliza saa kumi na moja. Nilimsaidia kupanda. Siku hizi anakaa mbele. Nikawasha gari, akasema, "Baba Salha, nipeleke nyumbani."

Nikasema ndiko tunakoenda, mama.

"Akheri."

Nikamweleza kwamba gari halina uwezo wa kwenda na kurudi. Nilikuwa nimechaji, linasema tisini, lakini tisini ya sasa ni kilomita thelathini, labda thelathini na tatu, na kile kilima.

"Kwenda tu linafika?"

"Kwenda linafika. Kurudi halifiki."

"Kwenda kunanitosha."

Nilizima gari. Nje ya lango la hospitali mama mmoja alikuwa anauza parachichi. Nilimuuliza mama mkwe kama anajua Jumanne ni zamu yake. Akasema anajua siku zake vizuri kuliko mimi. Akasema daktari alimweleza itakuwaje, ni siku chache, watampa dawa ya maumivu, na yeye ameomba apewe hizo siku kitandani kwake, ng'ombe wakisikika.

Nikampigia Joyce. Waliongea kwa Kimeru muda mrefu. Mama ndiye aliyekuwa anasema zaidi, taratibu, kama anayemweleza mtu njia. Alinirudishia simu. Joyce alikuwa analia. Aliniambia nikatae. Akasema, "Mwambie gari halifiki."

Nimekaa na hilo tangu saa ile. Ningeweza kusema. Kwa wiki sita nimesema gari halifiki kwa abiria wa Maji ya Chai, wa Usa, wa Tengeru, na ilikuwa kweli. Leo ingekuwa uongo, na mama angejua. Lakini sijui kama niliogopa uongo au nilimheshimu mama, au nilichoka tu.

Tulikwenda kwa mwendo wa arobaini. Nilizima taa za ndani, redio, feni, kila kitu. Kwenye kilima alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili kana kwamba anasaidia kulivuta. Tuliingia uani na asilimia tisa.

Elihuruma alitoka jikoni. Alimwingiza mama ndani, kisha akarudi na kamba ndefu ya umeme, akaipitisha dirishani, akasimama mbele ya gari akitafuta mahali pa kuchomeka.

Jumapili, 25 Mei

Umeme ulikatika saa nne usiku, haujarudi. Gari lina ishirini na mbili. Joyce amekuja na Salha kwa haisi. Alinipita mlangoni bila kunisalimia. Baadaye, tukiwa wawili uani, alisema, "Gari lako limemleta mama yangu kufa." Akaingia ndani kumkanda mama miguu.

Mama amekula ndizi. Hospitali walikuwa wamemkataza kabisa, miezi yote mitano. Alikula bakuli zima, polepole.

Jumatatu, 26 Mei

Umeme umerudi jioni. Elihuruma aliamka mara tatu kupapasa waya ukutani kama una joto. Hauna.

Jumanne, 27 Mei

Saa tano asubuhi gari likajaa. Asilimia mia, na betri ya baridi. Nilikaa na ufunguo mfukoni. Nikimpakia mama saa tano na nusu, saa saba tupo hospitali, zamu yake bado ipo. Niliingia, nikachutama karibu na kitanda, nikamwambia, mama, gari limejaa.

Akasema, "Nimesikia."

Joyce alikuwa ameshika mkono wake upande wa pili. Aliinua macho, akanitazama mimi, siyo mama, na nilikuwa sina ninachoweza kumpa. Tukakaa. Saa saba ikapita. Ukutani kuna saa yenye picha ya kanisa, ina kelele. Saa nane mama alikuwa amelala.

Ijumaa, 30 Mei

Nimeteremka mjini mara mbili kufuata dawa, nikachaji kituoni kabla ya kurudi. Hapa Akheri nachaji polepole kila usiku. Iqbal amesoma tena: hamsini na tisa. Nilidhani labda ingepanda kidogo. Akasema hapana, sasa itashuka taratibu tu.

Amevimba uso. Analala sana. Akiamka anamwita Elihuruma, anaulizia ng'ombe.

Jumatatu, 2 Juni

Mama Elihuruma amefariki saa tatu asubuhi. Joyce alikuwa anamsuka. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekamilika. Alimalizia na wa pili.

Alhamisi, 5 Juni

Tumemzika kando ya mumewe, chini ya migomba. Watu walikuwa wengi, kwaya mbili. Mimi nilisimama nyuma na kofia yangu, pamoja na mzee Jamaldini na Iqbal waliokuja kutoka mjini, na Lomayani ambaye sikumwita. Wenzake Salha wa darasani walikuwa wamekaa kwenye majani.

Sijui kama ningemchukua Jumanne ile kwa nguvu angekuwa hai leo. Sista aliniambia kwenye simu nisijiulize. Joyce hajaniuliza, na sijui kama ameacha kuniuliza au anangoja. Usiku analala chumba cha mama yake.

Wakati wa kuweka udongo waliitwa watoto wa marehemu. Elihuruma akaanza, kisha Joyce. Baada yao ni wajomba. Mjomba mkubwa alikuwa ameshasogea, mkono ameunyoosha. Elihuruma akaupita mkono ule na koleo lake, akatembea katikati ya watu hadi nyuma nilikosimama, akanipa. Watu walipisha njia.

Udongo ulikuwa mzito, umelowa bado. Nilitia mara tatu, nikamrudishia.